Kuchagua programu ya kuziona na kuzitumia kwa mbali mashine pepe za seva ya nyumbani: mwongozo kamili

Ukishaweka Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe (kompyuta za programu ndani ya kompyuta moja), kwenye kompyuta iliyostaafu ofisini na kutengeneza mashine pepe mbili tatu, swali la kwanza ni hili: skrini zake utazionaje? Seva imekaa kabatini bila monita wala kibodi. Proxmox inakupa dirisha ndani ya kivinjari, unalifungua, unaiona Windows ikijiwasha, na unadhani kazi imekwisha. Ukianza kufanya kazi humo unagundua kipanya kinaburuta, sauti haipo, na maandishi uliyonakili kwenye laptopu hayabandikiki. Wengi wakifika hapo huanza kupakua programu moja baada ya nyingine hadi wachoke.

Tatizo ni kwamba wanatafuta programu moja ya kumaliza kila kitu, ilhali mahitaji ni matatu. Kwanza, mashine ikigoma kuwaka au mtandao wake ukifa, utaingilia wapi? Pili, kazi ya kila siku utaifanyia kwenye itifaki gani, yaani kanuni zipi za mawasiliano kati ya laptopu na mashine? Tatu, ukiwa nje ya nyumba, utapita njia gani hadi uifikie seva? Kila hitaji lina jibu lake, na majibu hayo yanakaa pamoja bila kugombana.

Kwa mwenye haraka, chaguo letu ni hili. Mashine ya Windows, tumia RDP, itifaki ya Microsoft ya kutumia kompyuta kwa mbali, iliyomo ndani yake. Linux yenye eneokazi (desktop), weka xrdp, seva ya RDP ya Linux, na XFCE, eneokazi jepesi. Linux isiyo na eneokazi, SSH, njia salama ya kutuma amri za maandishi, inatosha. Mashine iliyopewa kadi ya michoro kwa ajili ya michezo au kuhariri video, Sunshine inayorusha picha ya skrini na Moonlight inayoipokea. Konsoli ya Proxmox ibaki kwa dharura. Na ukiwa nje, pita ndani ya VPN (njia binafsi iliyosimbwa), kamwe usifungue poti (mlango wa mtandao wenye namba) ya RDP kwenye intaneti. Maelezo yanayofuata yanatumia Proxmox VE. Anayetumia libvirt na virt-manager atakuta mambo karibu yaleyale, kwa sababu chini kabisa zote zinategemea KVM na QEMU, injini inayoendesha mashine pepe zenyewe.

Mlango wa dharura: konsoli

Konsoli ya noVNC, lile dirisha la kivinjari linalotumia VNC, itifaki ya kutuma picha ya skrini, inafunguka ndani ya ukurasa wa Proxmox wenyewe, poti 8006. Picha yake inatolewa na QEMU, si na mfumo uliomo ndani ya mashine pepe. Ndiyo maana unaona kila kitu tangu BIOS, menyu ya GRUB, skrini ya bluu ya Windows, hata kama mashine haina anwani ya IP. Hakuna programu ya kusakinishwa ndani ya mashine inayoweza kukupa hilo. Kwa hiyo usiiondoe skrini ya kawaida ya mashine pepe kwa kuiwekea `none`, hata kama huitumii, isipokuwa kadi ya michoro uliyoipitisha inakulazimisha.

Nguvu hiyohiyo ndiyo udhaifu wake kwa kazi za kila siku. QEMU haijui dirisha wala herufi. Inaona pikseli zilizobadilika tu. Skrini ya 1920 kwa 1080 yenye biti 32 kwa pikseli, ikisasishwa mara 30 kwa sekunde, ni karibu gigabiti 2 kwa sekunde kabla ya kubanwa. noVNC inabana, inaruka fremu, na bado ukivuta ukurasa wa wavuti utaona vipande vikifika kimoja kimoja.

Kunakili na kubandika kunawezekana kwenye matoleo ya karibuni ya Proxmox. Kwenye seva, kwa mashine namba 101:

qm set 101 --vga std,clipboard=vnc

Kisha ndani ya mashine uwe umesakinisha spice-vdagent, kisaidizi cha kunakili, halafu uizime mashine yenyewe kabisa na kuiwasha upya. Kuwasha upya kutokea ndani ya mfumo hakutoshi, kwa sababu badiliko hili ni la QEMU na linasomwa mashine inapoanzishwa.

Kwa mashine za Linux zisizo na eneokazi kuna konsoli nzuri zaidi, xterm.js, inayokubali kunakili maandishi kama terminali ya kawaida. Iongezee mashine poti ya mfululizo kwenye seva, kisha washa huduma yake ndani ya mashine:

qm set 102 --serial0 socket
systemctl enable --now serial-getty@ttyS0.service

Ukitaka kuona na ujumbe wa kerneli wakati wa kuwaka, ongeza `console=tty0 console=ttyS0` kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX katika /etc/default/grub, kisha endesha update-grub.

Kuna pia SPICE, itifaki nyingine ya kuona skrini ya mashine pepe. Ukibadilisha Display ya mashine iwe SPICE, kitufe cha konsoli kitakupakulia faili ya .vv inayofunguliwa na virt-viewer kwenye laptopu. Inaleta sauti, vifaa vya USB, ubao wa kunakili, na skrini inayojirekebisha ukubwa. Ndani ya nyumba, kwenye kebo, inapendeza. Fahamu mambo mawili: faili ya .vv inafaa kwa muda mfupi tu, ukiihifadhi ili uitumie kesho haitafunguka, na mkondo wake unapita poti 3128 ya seva, si 8006. Tunaitumia kwa shida ndogondogo, lakini hatungejenga mpango wa miaka mingi juu yake: Red Hat, walioinunua pamoja na kampuni ya Qumranet mwaka 2008, wameiondoa tangu RHEL 9, toleo la 9 la Linux yao.

Windows: anza na RDP

RDP ilikuja na Windows NT 4.0 Terminal Server Edition mwaka 1998 na imekuwa ikikomaa ndani ya Windows tangu hapo. Inafahamu madirisha, herufi na rangi, hivyo inatuma kidogo pale ambapo VNC inatuma picha nzima. Sauti, printa, folda za laptopu, monita mbili, vyote vimo. Kabla ya kutafuta programu nyingine, ipe nafasi.

Angalia kwanza toleo la Windows kwa kuandika `winver`. Toleo la Home haliwezi kupokea RDP; linaweza tu kuunganisha kwenda kwingine. Unahitaji Pro, Enterprise, Education au Server. Vile viprogramu vinavyozunguka mtandaoni vya kuilaghai Home ikubali RDP huvunjika Windows inapojisasisha, na vinakiuka leseni. Kama una Home na huna mpango wa kuipandisha, tumia Sunshine au RustDesk, programu nyingine ya kutumia kompyuta kwa mbali.

Draiva za VirtIO, zinazoiunganisha Windows na vifaa pepe vya QEMU, ndizo zinazoamua kama mashine itakuwa nyepesi au nzito. Pakua ISO ya virtio-win, iambatanishe kama CD ya pili wakati wa kusakinisha Windows. Kisakinishi kikifika kwenye ukurasa wa kuchagua diski na diski isionekane, bofya Load driver, nenda kwenye folda ya vioscsi, kisha w11, kisha amd64. Windows ikishakaa, fungua tena CD hiyo na uendeshe virtio-win-guest-tools, ambayo inaweka draiva zilizobaki za mtandao na kumbukumbu pamoja na wakala wa QEMU. Kwenye ukurasa wa Options wa mashine, washa QEMU Guest Agent. Faida yake ni kwamba anwani ya IP itaonekana kwenye ukurasa wa Summary bila kuitafuta.

Windows 11 yenyewe inadai UEFI (BIOS ya kisasa), TPM 2.0 (chipu ya usalama), GB 4 za RAM na diski ya GB 64. Katika Proxmox hiyo ni OVMF pamoja na TPM State toleo v2.0. Kwa kazi halisi ipe GB 8 na viini 4, na aina ya CPU iwe `host` kama una seva moja tu.

Sasa washa RDP. Njia ya menyu ni Settings, System, Remote Desktop. Njia ya PowerShell, ukiwa msimamizi:

Set-ItemProperty -Path 'HKLM:\System\CurrentControlSet\Control\Terminal Server' -Name fDenyTSConnections -Value 0
Enable-NetFirewallRule -DisplayGroup "Remote Desktop"

Akaunti ndiyo inayokwamisha watu wengi hapa. RDP haikubali akaunti isiyo na nywila, na PIN ya kufungulia Windows si nywila. Kama mashine inatumia akaunti ya Microsoft na hujawahi kuandika nywila yake kwenye mashine hiyo, utaambiwa taarifa si sahihi hata ukiwa na uhakika nazo. Njia fupi ni kutengeneza mtumiaji wa ndani:

net user kazi * /add
net localgroup "Remote Desktop Users" kazi /add

Mwisho, izuie mashine isilale, maana ikilala RDP haiwezi kuiamsha:

powercfg /change standby-timeout-ac 0

Kwenye ruta, ihifadhie mashine anwani moja ya kudumu kwa kutumia MAC yake, namba ya utambulisho wa kadi ya mtandao, iliyopo kwenye ukurasa wa Hardware. Bila hivyo, siku umeme ukikatika na ruta ikagawa anwani upya, kila njia ya mkato uliyohifadhi itaelekea mashine isiyo yenyewe.

Upande wa kuunganisha, Windows ina `mstsc`. Kwenye Mac programu inaitwa Windows App, jina jipya la Microsoft Remote Desktop tangu 2024. Linux ina Remmina kwa anayependa madirisha, na FreeRDP kwa anayependa amri:

xfreerdp /v:192.168.37.21 /u:kazi /dynamic-resolution +clipboard /sound /network:auto

Kwenye Debian na Ubuntu mpya amri hiyo ni xfreerdp3.

Kuna malalamiko mawili ya RDP yenye tiba. La kwanza: video na kuvuta kurasa havina ulaini. RDP inajizuia kwenye fremu 30 kwa sekunde. Ndani ya mashine, kwenye rejista, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Terminal Server\WinStations, tengeneza DWORD iitwayo DWMFRAMEINTERVAL, iwekee 15 kwa desimali, uwashe upya. Kikomo kinapanda hadi 60, na CPU ya seva italipa gharama yake. La pili: unaingia vizuri, halafu baada ya dakika chache skrini inaganda huku pingi ikiendelea kujibu. Mara nyingi ni mkondo wa UDP (njia ya kutuma pakiti bila kuthibitisha zimefika) wa RDP unaogombana na VPN, ambayo pakiti zake ni ndogo kuliko za mtandao wa kawaida. Kwenye laptopu ya Windows unayounganishia, si kwenye mashine pepe, fungua terminali kama msimamizi uilazimishe itumie TCP peke yake:

reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows NT\Terminal Services\Client" /v fClientDisableUDP /t REG_DWORD /d 1

Linux yenye eneokazi

Kabla ya itifaki, chagua eneokazi. Mashine pepe isiyo na kadi ya michoro inachora kila kitu kwa CPU, na GNOME yenye madoido yake inaweza kula kiini kizima ukiwa unasogeza dirisha tu. XFCE inatosheka na viini 2 na GB 2 hadi 4 za RAM. Kwenye seva yenye mashine nne, tofauti hiyo unaisikia hadi kwenye feni.

Kwenye Debian au Ubuntu:

sudo apt install xfce4 xfce4-goodies dbus-x11 xrdp xorgxrdp
sudo adduser xrdp ssl-cert
echo xfce4-session > ~/.xsession
sudo systemctl restart xrdp

Mstari wa pili wengi huuruka. xrdp inahitaji kusoma ufunguo wa cheti ulioko kwenye kundi la ssl-cert. Bila ruhusa hiyo inashuka kwenye usimbaji wa zamani, na baadhi ya programu za kuunganishia zitakataa. Mstari wa tatu uandike ukiwa ni yule mtumiaji atakayeingia, si root.

Sasa tatizo ambalo kila mtumiaji wa xrdp hukutana nalo: unaandika jina na nywila, skrini inakuwa nyeusi au inamweka mara moja, kisha inakurudisha mwanzo. Sababu ya kawaida ni kwamba mtumiaji huyohuyo tayari ameingia kwenye konsoli ya Proxmox. Kipindi kipya cha xrdp kinapoanza, kinakuta anwani ya D-Bus (njia ya programu za eneokazi kuwasiliana) ya kipindi cha kwanza, kinajaribu kuitumia, na XFCE inaona tayari kuna mwenzake anayeendesha, inajifunga. Toka kwenye konsoli kwanza, jaribu tena. Hiyo ikitibu, na unataka isijirudie, fungua /etc/xrdp/startwm.sh na uweke mistari hii juu, kabla ya ile inayoanzisha Xsession:

unset DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS
unset XDG_RUNTIME_DIR

Ikiwa bado, soma /var/log/xrdp-sesman.log na ~/.xsession-errors kabla ya kusakinisha upya chochote. Karibu kila mara jibu limeandikwa humo: faili ya .xsession yenye herufi iliyokosewa, diski iliyojaa, au folda ya nyumbani ambayo si mali ya mtumiaji.

Sauti haiji yenyewe. Inahitaji moduli ya ziada, pipewire-module-xrdp au pulseaudio-module-xrdp kulingana na mfumo wa sauti ulionao, na kwenye matoleo mengine ya Linux moduli hiyo haipo kwenye hazina, itabidi uijenge mwenyewe. Kama sauti ni ya lazima na hutaki usumbufu huo, jaribu NoMachine: inatumia poti 4000, ni bure kwa matumizi binafsi, msimbo wake haujafunguliwa, na kwa video inaizidi xrdp.

Wanaotaka GNOME na Wayland, mfumo mpya wa kuchora skrini, wasilazimishe xrdp, ambayo inategemea Xorg, mfumo wa zamani. GNOME 46, iliyomo kwenye Ubuntu 24.04, ina RDP yake yenyewe inayoweza kuanzisha kipindi bila mtu kuwa ameingia: Settings, System, Remote Desktop, kisha Remote Login. Ondoa xrdp kwanza, maana zote mbili zinagombea poti 3389. Watengenezaji wa KDE, eneokazi jingine, nao wameingiza RDP kwenye Plasma 6.1 mwaka 2024.

X2Go, programu nyingine ya kutumia eneokazi la Linux kwa mbali, inastahili kutajwa kwa ajili ya laini dhaifu. Inapita ndani ya SSH, hivyo poti 22 pekee inatosha, na kwa XFCE au MATE hubeba kazi za maandishi vizuri hata laini ikiwa ya kusuasua. GNOME ya kisasa haiwezi.

VNC tungeiacha kwa ajili ya konsoli. Nywila ya VNC ya kawaida inahesabu herufi 8 za mwanzo tu, zilizobaki hazisomwi, na baada ya kuingia picha na vibonyezo vinasafiri bila kusimbwa. Ukilazimika kutumia TigerVNC, ifunge isikilize ndani ya mashine pekee na uipitishe kwenye SSH:

ssh -L 5901:localhost:5901 kazi@192.168.37.22

kisha programu ya VNC uielekeze localhost:5901.

Mashine yenye kadi ya michoro

Ukiwa umepitisha kadi ya michoro ndani ya mashine pepe, RDP haitakuonyesha uwezo wake wote. Hapa ndipo Sunshine inapofaa. Inakamata skrini, inaisimba kwa chipu ya video ya kadi yenyewe, iwe NVENC ya NVIDIA, Quick Sync ya Intel au AMF ya AMD, na Moonlight kwenye laptopu, simu au televisheni inaifungua. Moonlight ilianza kwa kuiga GameStream ya NVIDIA, na NVIDIA walipoacha GameStream mwaka 2023, Sunshine ikabaki ndiyo mwenzake wa kawaida.

Baada ya kuisakinisha, fungua https://localhost:47990 ndani ya mashine, weka jina na nywila, kisha Moonlight itakupa PIN ya tarakimu nne ya kuandika hapo. Ikikuambia haioni skrini, ni kweli haipo: kadi isiyounganishwa na monita haichori kitu. Chomeka plagi bandia ya HDMI nyuma ya kadi, kifaa kidogo kinachoiambia kadi kwamba kuna monita, au sakinisha draiva ya skrini pepe. Na hiyo skrini ya kawaida ya Proxmox ikiwa bado ipo, Windows inaweza kuifanya kuwa ndiyo kuu, ukabaki unatazama eneokazi tupu. Nenda Display settings uchague skrini ya kadi iwe kuu.

Sunshine na RDP hupishana vibaya. Ukiingia kwa RDP halafu ukafunga dirisha, Windows inakifunga kipindi, na Moonlight itakutana na skrini ya kufunga. Badala ya kufunga dirisha, fungua Command Prompt ya msimamizi ndani ya RDP uandike:

tscon %sessionname% /dest:console

RDP itakatika, na eneokazi litabaki wazi kwenye skrini ya kadi. Aliye karibu na konsoli ataliona pia, kwa hiyo si amri ya kutumia kwenye seva inayofikiwa na wengi.

Hesabu bando kabla ya kufurahia. Moonlight kwa 1080p na fremu 60 huanza na megabiti 20 kwa sekunde, ambayo ni GB 9 kwa saa. Ukishusha hadi 720p na megabiti 5, ni GB 2.25 kwa saa. Kwenye Wi-Fi ya nyumbani haikuumi. Kwenye bando la simu ni pesa inayoyeyuka. RDP ya kuandika na kusoma inatumia sehemu ndogo tu ya hizo, kwa sababu skrini isiyobadilika haitumi karibu kitu.

Kuingia kwa kivinjari pekee, na zile huduma za namba

Apache Guacamole inafaa pale unapotumia kompyuta usiyoruhusiwa kusakinisha kitu, au unapowapa watu kadhaa mashine zao. Ni lango: kivinjari kinazungumza nalo kwa HTML5, nalo linazungumza na mashine kwa RDP, VNC au SSH. Kwa hiyo haichukui nafasi ya RDP, inaikalia juu, na utaanza kwa kuhakikisha RDP inafanya kazi peke yake. Endesha guacd (programu yake ya nyuma), hifadhidata na ukurasa wake kwa Docker, programu ya kuendesha kontena, ufungue poti 8080 kwenye njia ya /guacamole/. Mtumiaji wa kwanza ni guacadmin na nywila ni guacadmin. Tengeneza msimamizi mwingine, toka, ingia kwa huyo mpya, umfute wa kwanza siku hiyohiyo. Muunganisho wa Windows ukigoma, weka Security mode iwe NLA na uweke alama kwenye Ignore server certificate, kwa sababu cheti cha Windows ni cha kujitengenezea.

TeamViewer na AnyDesk, huduma zinazounganisha kompyuta kwa namba ya utambulisho, ni rahisi kuanza nazo, ila toleo la bure ni kwa matumizi binafsi tu na unategemea seva za kampuni kufika kwenye mashine iliyo mita tatu kutoka ulipo. RustDesk inakuruhusu kuweka seva yako ya kukutanisha, hbbs na hbbr, kwa poti 21115 hadi 21119 za TCP na 21116 ya UDP pia. Ni nzuri sana kwa kumsaidia shangazi aliye mkoani na kompyuta yake. Kwa mashine pepe zilizo kwenye mtandao wako mwenyewe ni mzunguko usio wa lazima, na kwenye Wayland skrini ya kuingilia haionekani.

Njia ya kutoka nje

Usielekeze poti 3389 ya ruta kwenye mashine yako. Kuibadilisha namba kuwa 33890 hakusaidii. Roboti hupekua poti zote. Mei 2019 ulitangazwa udhaifu wa BlueKeep, CVE-2019-0708, uliomruhusu mshambuliaji kuiteka Windows ya zamani kupitia RDP bila nywila yoyote, na hata mashine iliyosasishwa itapigwa na majaribio ya nywila mchana na usiku.

Isitoshe, kwa wengi kufungua poti hakuwezekani. Fungua ukurasa wa ruta uangalie anwani ya WAN, yaani ya upande wa intaneti. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, au ikitofautiana na ile inayoonyeshwa na tovuti za kukuonyesha IP yako, uko nyuma ya CGNAT: mtoa huduma anagawa anwani moja kwa wateja wengi, na muunganisho wa kutoka nje hauna pa kukupata. Intaneti ya laini za simu kwa kawaida iko hivyo.

Mwenye anwani yake ya umma aweke WireGuard, programu ya VPN, kwenye ruta au kwenye mashine ndogo, poti 51820 ya UDP, basi. Aliye nyuma ya CGNAT atumie Tailscale, inayojengwa juu ya WireGuard na kutoboa njia kutokea ndani. Tengeneza mashine ndogo ya Debian yenye kiini 1 na MB 512 kwa kazi hiyo peke yake, kisha:

curl -fsSL https://tailscale.com/install.sh | sh
echo 'net.ipv4.ip_forward = 1' | sudo tee /etc/sysctl.d/99-tailscale.conf
sudo sysctl -p /etc/sysctl.d/99-tailscale.conf
sudo tailscale up --advertise-routes=192.168.37.0/24

Nenda kwenye ukurasa wa usimamizi wa Tailscale uidhinishe njia hiyo, la sivyo haitafanya kazi. Hapohapo zima kuisha muda kwa ufunguo wa mashine hii: kwa kawaida unaisha baada ya siku 180, na ukiisha ukiwa safarini utafungiwa nje ya nyumba yako. Laptopu ya Linux inahitaji `tailscale up --accept-routes`. Windows na simu zinapokea njia zenyewe. Ukitaka kutumia kontena la LXC, mazingira mepesi yanayotumia kerneli ya seva, badala ya mashine pepe, lazima ulipatie kontena hilo /dev/net/tun kwa kuongeza mistari hii kwenye faili lake la /etc/pve/lxc/:

lxc.cgroup2.devices.allow: c 10:200 rwm
lxc.mount.entry: /dev/net/tun dev/net/tun none bind,create=file

Uliona mifano yetu inatumia 192.168.37.x. Si bahati. Ruta nyingi zinatoka kiwandani na 192.168.0.x au 192.168.1.x. Kama nyumba yako na hoteli uliyofikia zina 192.168.1.x, laptopu ikitafuta 192.168.1.21 itaitafuta humo hotelini, VPN iwe imewaka au haijawaka. Badilisha mtandao wa nyumbani mapema, kabla hujaandika anwani za mashine sehemu kumi.

Ukiona uzito, andika `tailscale ping` na jina la mashine. Jibu likitaja DERP, data inazungukia kwenye seva ya kupokezana, pengine bara jingine. Hapo RDP bado inafanya kazi, Moonlight itakatisha tamaa. Kwa uzoefu wa kawaida, chini ya milisekunde 50 hutatambua kama uko mbali. Zikizidi 150 kuandika kunachosha, na SSH au X2Go ni bora.

Jaribio kabla ya kuondoka

Zima Wi-Fi ya laptopu, washa hotspoti ya simu, uingie kwenye kila mashine ukipitia VPN. Jaribio la ndani ya nyumba halikuambii kitu kuhusu njia ya nje. Jaribu pia kuifikia Proxmox yenyewe kwenye poti 8006, kwa sababu RDP ikigoma ndiyo utakayoihitaji.

Kisha chomoa seva ukutani, baada ya kuzima mashine zote vizuri, uirudishe. Ikiwa haijiwashi, ingia BIOS utafute mpangilio wa kurejea umeme unaporudi, ambao mara nyingi huitwa Restore on AC Power Loss, uuweke On. Ndani ya Proxmox, kila mashine unayoitegemea iwe na Start at boot, na kwenye Start/Shutdown order mashine ya Tailscale ipewe namba 1 na sekunde 30 za kusubiri, Windows na nyingine zifuate. Ruta nayo iwe kwenye UPS moja na seva. Seva iliyowaka nyuma ya ruta iliyozimika haifikiki.